Kishati Chini ya Fremu

Shoga, nimeharibu. Yule mama aliyefiwa na kichanga alinipa kishati cha mwanawe, nikate pindo tu, nimdarizie nalo malaika wa kutundika ukutani.

Kishati nilikiacha mezani. Kumbe kimeteleza chini ya fremu inayobana kitambaa cha kudarizi, mashine ikakishona pamoja na malaika! Nilipokata kitambaa kumzunguka malaika, mkasi ukapita na kishati. Katikati, shoga. Katikati!

Ametoka hapa sasa hivi. Alimbusu malaika. “Mdogo wangu, mikono yako ibarikiwe.” Mikono hii hii!

Kisha akauliza, “Na kishati changu? Huwa nalala nacho.”

Nikadanganya. “Nimekifua, dada. Hakijakauka.”

“Umekifua? Si harufu ya mwanangu ndiyo iliyokuwa imebaki humo?”

Shoga, harufu ipo. Ipo drooni, vipande viwili, na nimeshindwa kumwambia.