Nilivyomfokea Mama Mkwe Chini ya Tanki

Jumanne, Agosti 1989

Nimemfokea mama mkwe. Naandika ili niamini mwenyewe.

Leo tulikuwa sokoni Kombewa tukipandisha tanki la maji juu ya mnara. Bwana Ouma alikuwa ndani ya kreni, mimi nikiwa chini. Yeye haoni chini ya tanki, kwa hiyo anafuata mikono yangu tu.

Tanki likiwa hewani, nikamwona mama yake mke wangu Akinyi akivuka kamba tuliyozungusha, beseni la dagaa wa omena kichwani, anakuja kunisalimu. Kwetu mume huinamisha macho mbele ya mama mkwe na kusema kwa sauti ya chini. Basi nami, kwa adabu, nikainua mkono kumwamkia.

Ouma akaona mkono, akadhani namwambia apandishe, akavuta tanki juu kwa nguvu. Likaanza kuyumba, na mama yuko chini yake.

"Toka hapo, mama! Toka! Kimbia!"

Hata wauza nyanya walikimbia. Mama aliruka kama msichana, omena ikamwagika yote. Nikanyoosha mikono miwili, Ouma akasimamisha, tanki likatulia.

Sitamwamkia tena mtu mzigo ukiwa juu, hata awe askofu.

Jioni Akinyi amerudi kutoka kwao. Nimemuuliza kwa woga mama amesemaje. Nilikuwa nishachagua mbuzi wa kumwombea radhi.

"Amefurahi sana," akasema. "Anasema siku ulipokuja kuniposa, alidhani naolewa na bubu."