Neno la Kwenye Karatasi ya Baba Yako

Buna, mwezi wa Rajabu, 1944

Kwako mjukuu wangu Kerrow,

Salaam aleikum. Sisi tupo. Mvua imekatika mapema, na yule ngamia mwekundu amezaa dume. Barua yako ilifika. Unajisifu kuwa shuleni mnajifunza maneno kumi magumu ya Kiingereza kila siku, na mimi umenisalimu kwa mstari mmoja. Ndiyo adabu mnayofundishwa huko?

Basi elimu yako na ifanye kazi. Imekuja karatasi ya jeshi kuhusu baba yako Awil. Karani aliisoma akasema, "Ayeyo, anaumwa sana." Mwenye duka akamnyang'anya. "Wacha kubahatisha. Maneno hayo yanafanana kama mapacha. Hili ni la kufa." Wakabishana mbele yangu mpaka alasiri.

Karatasi nimeitia humu, na neno lenyewe nimelipigia mstari kwa mkaa. Usiniletee maana tano. Niandikie moja, na usinipambie.

Jibu lako litachukua mwezi. Kila nikimaliza kuswali nainua mikono, kisha naishusha. Sijui nimwombee afya au nimwombee rehema.

Ni mimi ayeyo wako,
Saado