Siku Palmer Aliposifu Supu

Nordby, Minnesota
Jumapili baada ya ibada, Februari

Mdogo wangu mpendwa Lyle,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye theluji, wewe uliyetukimbia ukaenda kuota jua Arizona. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba Joyce amepunguza kukufokea kwa kutoka bila kofia. Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba bado tunatembea. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, baridi imepasua bomba la kanisa, na ziwa limeganda hadi watu wanaegesha malori juu yake. Picha ya mti wako wa ndimu ilifika salama.

Katika kila barua umeniuliza mkahawa wetu unaendeleaje, na mimi nimekujibu habari za theluji. Leo nimekaa nikueleze.

Nilikuandikia kwamba Orrin aliteleza nyuma ya mkahawa akitoa takataka, akapiga kisogo kwenye barafu, na nikakwambia ni nundu tu. Nundu iliisha. Kisha asubuhi moja nilimkuta jikoni mbele ya nyama ya nguruwe inayoungua, moshi umemzunguka, naye anageuza mayai taratibu kama hakuna kitu. Nikamwuliza hasikii harufu. Akaniuliza harufu gani. Daktari alimweleza kwamba neva za pua zimekatika, na kwa umri wake asitegemee zitarudi. Kumbe ulimi bila pua haufai kitu, Lyle. Mume wangu anakula kitunguu na tufaha na havimtofautikii. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Alisema watu wakijua mpishi haonji watakula huku wanachunguza, naye hawezi kupika anachunguzwa.

Basi akapika kwa mazoea ya mkono, na mkono ukaanza kumdanganya. Mchuzi wa nyama ukawa chumvi tupu. Pai ikajaa mdalasini hadi inawasha koo. Na unawajua watu wetu. Ungewapa soli ya kiatu wangesema si mbaya. Baba mwenyewe, siku ya harusi yako, alisema keki si mbaya, na sote tukajua kaguswa moyo. Kwa hiyo walikaa pale kaunta asubuhi na mchana, wakatafuna, wakanywa maji mengi, wakamwambia Orrin si mbaya. LaVonne, yule mhudumu wetu mwenye mdomo, alirudisha sahani tupu jikoni, na Orrin akiziona alipata nguvu. Hakujua kwamba LaVonne alikuwa akikuta vipande vya nyama ya kuoka vimefungwa kwenye karatasi za kujifutia, ndani ya ndoo ya chooni. Mbwa wa Palmer Grindahl alinenepa hadi akawa hawezi kuruka ndani ya lori.

Huyu Palmer ulimwacha na mke. Tangu amzike Inez hajawasha jiko nyumbani kwake. Kifungua kinywa alikula kwetu, chakula cha mchana alikula kwetu, kiti cha mwisho kaunta, karibu na kidirisha cha jikoni, ili amchokoze Orrin vizuri. Utani wao ulikuwa uleule miaka yote. Orrin humwuliza chakula vipi, Palmer hutafuna, huangalia dari, kisha husema si mbaya, jeshini nilikula kibaya zaidi. Orrin humwambia basi rudi jeshini. Kama hawakusemezana hivyo, ujue mmoja wao anaumwa.

Wengine walianza kupungua, nao kwa adabu. Huyu daktari kamkataza mayai, yule mkewe kajifunza kuoka. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mimi nikawa pua ya Orrin. Kila alfajiri nilinusa maziwa, nikanusa nyama, nikaonja mchuzi akiwa amegeuka makusudi asinione, nikausahihisha, siri asiyeijua mtu ila yeye na mimi. Nilidhani tutafika hivyo hadi kustaafu. Mwezi uliopita nikashikwa na mafua makali, nikalala, hata kahawa siinusi.

Hili lililofuata nimesimuliwa na LaVonne. Supu ya kuku na tambi ilikuwa imechacha. Alisikia harufu alipoweka bakuli kaunta, lakini Palmer alikuwa ameshachovya kijiko, na Orrin amesimama kidirishani anamtazama. Palmer akameza. Orrin akamwuliza vipi, kama kawaida.

Palmer akasema, "Tamu sana, Orrin. Sijapata kula supu tamu namna hii."

LaVonne anasema kaunta nzima iliacha kutafuna. Orrin akaweka upawa chini.

"Nani kafa, Palmer?"

"Hajafa mtu, bwana. Supu tamu, basi. Mtu hawezi kusifu?"

"Wewe huwezi."

Orrin akapitisha mkono achukue bakuli. Palmer akalizuia kwa kiwiko, akainama, akanywa supu yote mpaka tambi ya mwisho. Orrin akaenda kuimwaga sufuria nzima kwenye sinki, na siku hiyo hakupika tena.

Jioni ile Palmer alibebwa hospitali, anatapika, hajitambui. Alipozinduka wakamwuliza alikula nini. Akasema alifungua kopo la samaki nyumbani kwake. Mtu ambaye nyumbani hana hata kifungulio cha kopo, Lyle! Sisi watu wa huku tutakufa na tai shingoni. Hakufa, kama ndilo unaloogopa. Ila binti yake alikuja kutoka Duluth, akasikia habari ya kopo, akaamua baba hawezi tena kujitunza. Amempeleka nyumba ya wazee. Shamba linauzwa, na mbwa amechukuliwa na jirani.

Kabla ya hapo, Palmer akiwa bado hospitali, Orrin alivaa koti lake la kanisani akaenda kusema ukweli. Alimwambia yule binti kwamba supu ni yake, na kwamba pua yake imekufa. Palmer, amekaa pale kitandani na soksi za hospitali, akamwambia bintiye asimsikilize, Orrin kapiga kichwa kwenye barafu, siku hizi anasahau. Na binti akamsikiliza baba yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitamani kumpiga Palmer kofi, na nilitamani kumkumbatia, nikashindwa yote mawili.

Mkahawa tumeufunga. Hatuufungui tena, usiulize. Asubuhi Orrin bado anakwenda pale, anakaa kwenye kiti cha Palmer na koti lake mwilini, maana joto tumelizima, kisha anarudi. Picha ya ndimu zako nilikuwa nimeibandika kando ya mashine ya kahawa. Nimeibandua, ipo hapa mezani ninapoandika.

Siku hizi napika mimi. Juzi nilimpikia nyama na viazi vya kuponda, kama alivyonifundisha mwenyewe tulipooana. Alikula yote. Kwa mazoea nikamwuliza vipi. Miaka yote ya ndoa yetu ameniambia si mbaya, na mimi sikuwahi kutaka zaidi. Aliweka uma chini, akaniangalia vizuri, akasema, "Tamu sana, Ardell."

Nilitoka nje kwenye kibaraza cha nyuma bila koti, nikalia hadi mashavu yakaniuma kwa baridi.

Nisalimie Joyce na watoto, na uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Kifua chako kifunike hata kama jua ni kali. Mkija kiangazi, nitawapikia mimi. Ukimaliza sahani yako, mbele ya Orrin, nakuomba useme si mbaya, na usiongeze neno.

Dada yako akupendaye,
Ardell