Soma Kama Mwenye Nyumba Yupo

Lindi,
9 Agosti 1954

Kwa dada yangu Biasha binti Likwata, Kiswere.

Shikamoo dada. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima, na goti lako lipungue maumivu ili uweze kuswali bila kiti. Huku sisi, alhamdulillahi, tunapumua. Wifi yako anakusalimu sana, anasema mihogo uliyotuletea ilikuwa mitamu hata majirani wakaja kuuliza.

Mwanasha, mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako: soma polepole, asiwepo mtu mwingine, wala usiruke neno kwa kumwonea mama huruma au kunionea mimi. Ukifika mahali pazito, vuta pumzi, kisha endelea. Ndivyo tulivyofundishwa huku, na mafunzo hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye aibu hii.

Dada, Jumatano ya wiki ijayo gari la sinema litafika Kiswere, na sauti utakayoisikia kwenye kipaza sauti ni yangu. Nakujua. Ukisikia tu utavaa kanga mpya, utawaambia majirani kuwa leo anasema Tawakali wetu. Ndiyo maana nimeona barua itangulie.

Sinema yenyewe haina maneno. Ni picha tupu zinazokwenda, na lazima mtu asimame kando ya gari asome kwa Kiswahili yale yanayoonekana. Baada ya Idi wenye gari hilo walitafuta mtu mwenye sauti ya kufika mbali, wakaisikia adhana yangu. Tulikuwa watu watatu wa kujifunza, mmoja achaguliwe: mimi, Andrea, Mmakonde wa Newala aliyekuwa askari, na Bi Sada, mkunga. Kila siku baada ya Alasiri tulikutana kwenye bohari tupu. Mmoja anasimama nyuma ya shuka, anasomea kwenye bomba la bati. Wawili wanakaa mwisho kabisa wa bohari, wamempa mgongo, wasije wakasaidiwa na midomo yake. Akimaliza wanamwambia makosa, naye haruhusiwi kujibu mpaka wamalize.

Unajua sisi Wamwera na Wamakonde ni watani, basi Andrea hakunibakizia kitu. Alisema nasoma kama namsalia maiti, na mwisho wa maneno naumeza kama mtu anayeficha nyama wageni wasiione. Zamu yangu ilipofika nikamwambia yeye anasoma kama aliyeona nyoka, anakimbia mpaka nukta zinabaki nyuma zinamwita. Tulicheka sana, na kweli tulisaidiana.

Kisha tukapewa karatasi ya sinema ya nyumba mbili, ya mtu safi na ya mtu mchafu. Ile ya pili inasema: tazameni nyumba ya mvivu, paa limeoza, kuku wanalala na watu, mwenye nyumba hii hana haya wala kazi. Andrea akasema hapo nisiwe sheikh, nisome kama ninavyomtania yeye, nijifanye nyumba ile ni ya mjomba wake. Nikasoma hivyo. Hata wapagazi waliokuwa nje wakaangua kicheko.

Bi Sada hakucheka. Alisema sauti ni nzuri, lakini imemwangusha mtu chini na inamkanyaga. Nisome kama mwenye nyumba amekaa mkekani mbele yangu, ananisikiliza. Nikamjibu kuwa mwenye nyumba ni picha tu. Akasema yeye huingia nyumba za namna hiyo kila siku kuzalisha, na hajakuta mwenye nyumba wa picha hata mmoja. Nikalichukua neno la Andrea, la Bi Sada nikaliacha, na kazi nikapewa mimi.

Siku moja kabla ya kuanza safari walifunga madirisha ya bohari, wakawasha mashine ili nioanishe maneno na picha. Kwanza nikaliona paa. Kisha nikauona mlango aliouchonga marehemu baba, na ile pembe iliyomeguka. Kisha ukatoka wewe, dada, umeshika sinia lililofunikwa kawa, unatabasamu, unawakaribisha. Mdomo wangu haukusimama. Nilisoma kuwa mwenye nyumba hii hana haya wala kazi, juu ya tabasamu lako. Andrea alicheka mpaka akajipiga paja. Hakujua ni wewe, nami sikumwambia.

Nimeisoma hapa Lindi, nimeisoma Mchinga, na vijiji vitatu zaidi. Kote wanacheka ukitoka na sinia, nami napewa mkono wa hongera.

Bado sijasema lililo baya zaidi. Mwanasha, usiache.

Mwaka jana uliniletea habari kwa furaha kwamba Wazungu wa picha wamekuja kwako kwa sababu wamesikia sifa zako, na ukawachinjia kuku wawili. Nikakuacha uamini hivyo. Dada, ni mimi niliyewaleta. Yule bwana wa picha alifikia nyumba ya wageni ninayoitunza. Aliniuliza kama najua nyumba mbovu karibu na barabara, ambayo mwenyewe hatafanya ukali. Nilijua anatafuta nini, na nikataka anione mtu wa maana. Nikakutaja wewe.

Tena lile paa limeozaje? Tangu umefiwa na mumeo umeniomba mara tatu nije niezeke. Mara tatu nimesema inshallah, masika mawili yakapita. Mvivu wa kwenye karatasi ni mimi, dada. Ninamsoma kila siku, na watu wanakucheka wewe.

Ijumaa alfajiri nilisimama kuadhini nikashindwa, maana sauti niliyoisikia ni ile ile. Tangu hapo anaadhini Abilahi badala yangu. Jana niliwaeleza wenzangu wawili, nikiwa nyuma ya shuka, kwa kuwa sikuweza kuwatazama. Andrea alivua kofia, akasema mtani hutaniwa akiwepo, apate kujibu, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutukana.

Niliomba picha yako itolewe, wakakataa. Nikiacha kazi leo watamweka mwingine asome yale yale. Kwa hiyo Jumatano, ukitokea na sinia, nitaiweka karatasi chini, nitaitaja nyumba ni ya nani na ni nani alipaswa kuiezeka. Najua watanifukuza. Ukitaka kuja, njoo, kipaza sauti nitakupa unijibu mbele ya watu, wala usinihurumie. Usipotaka, kaa ndani, mimi nitakuwa nimesema.

Ila kabla ya hapo, Jumatatu asubuhi, nitafika na Andrea na mzigo wa makuti. Usitupikie. Kama umeniruhusu, Mwanasha aiache ngazi nje, imeegemea ukuta. Nikiikuta imeingizwa ndani nitaelewa. Nitayaacha makuti uani, nikajihifadhi msikitini mpaka Jumatano.

Wifi yako na watoto wanakupa mkono. Nisalimie wote wanaonitaja kwa wema hapo, ingawa sistahili. Allah akuhifadhi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kuinamisha kichwa,

Tawakali Likwata