Mlima wa Magazeti

Jumatatu, 3 Machi

Nimechota maji, nimefagia uwanja, nimechelewa namba ya asubuhi. Fimbo moja ya mkononi. Kawaida.

Jiografia vipindi viwili. Mwalimu Sanga katugawa makundi. Kila kundi litengeneze mlima wake, mlima mzima wenye mabonde na mito, na tarehe ishirini na nne wazazi na wageni waje kuona. Sisi tuko watatu: Kelvin, Zuhura na mimi. Kelvin kajiteua mwenyewe kuwa kiongozi. Zuhura kaniuliza, "Anjela, wewe si wa bara? Milima si ndo kwenu huko?" Nikasema ndiyo. Akauliza wapi. Nikasema mbali.

Shangazi aliniambia siku niliyofika hapa Chang'ombe: shuleni usisimulie, watakuonea huruma mpaka ukonde. Sijasimulia.

Jumatano, 5 Machi

Watoto wa Dar hawajui mlima. Hawajui kabisa! Kelvin kapindua ndoo, kabandika magazeti juu, kapaka chokaa kileleni. Ati theluji. Mto utapita wapi? Tutauchora kwa peni ya bluu. Zuhura kasema mlima mrefu aliowahi kupanda ni ngazi za mamdogo wake kule Mikocheni, ghorofa ya nne, na bado alipumzika njiani. Huyu angalau anajijua.

Niliitoa ile ndoo. Sijui ujasiri nimeupata wapi. Nikawaambia mlima una mabega, una mikunjo, na maji ndiyo yanayoukata, siyo peni. Kelvin kanuna. Zuhura kacheka mpaka kashika ukuta, halafu kasema nisimchekeshe, kafunga.

Jioni mvua. Ilipoanza tu kugonga bati nikamsikia. Nje, kwenye korido. Kwap. Kimya. Kwap. Kimya. Kiatu kimoja. Kila mvua ikinyesha ni hivyo. Sikufungua mlango. Nilishafungua mara nyingi, hakuna mtu, sakafu tu imelowa.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Mwaka jana mlima wa kwetu ulishuka. Mvua za mfululizo, halafu alfajiri ya Jumapili ukashuka. Baba na mimi tulikuwa kanisani, mkesha wa kwaya. Mama na Dani walikuwa nyumbani. Mama walimpata kesho yake. Ana kaburi, lina msalaba. Dani, mdogo wangu, miaka sita, hakupatikana. Kilichopatikana ni gambuti lake la kulia, la kijani, kule chini mtoni. Mimi ndiye niliyeliona. Basi wanaume wakachimba kando ya mto wote, wakachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hawakupata kitu.

Gambuti ninalo. Liko chini ya kitanda, ndani ya mfuko. Lina matope bado. Sijaliosha.

Baba kapiga simu leo tena. Anataka amwekee Dani msalaba kando ya Mama, afukie hilo gambuti, watu waanue matanga. "Lilete, mwanangu. Tumpumzishe." Nimekataa. Mtu hazikwi kwa kiatu. Nikilitoa nitakuwa nimekubali amepotea, basi, yameisha. Shangazi kasema nina kichwa kigumu. Ndiyo, ninacho.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana ya baba yake Kelvin, huku nyuma ya viwanda. Kuna mbao, maranda, misumari, kelele. Zuhura kapika uji wa ngano wa kugundishia, kasimama mbali na sufuria ati harufu inamjaribu. Harufu ya gundi! Tukachana maboksi, tukaloweka magazeti, mimi nikajenga. Sikuwa nafikiri. Mikono ilikwenda yenyewe. Kelvin kaacha kununa, akawa ananipa tu vipande.

Mlima umekuwa mkubwa kama meza ya chakula. Nilipomaliza bega la kushoto nikarudi nyuma kuutazama.

Ni kwetu. Mkunjo kwa mkunjo. Kijito cha juu. Tuta ilipokuwa nyumba yetu. Mto kule chini. Hata shimo la Babu nimelichimba, pale kati, alipokuwa akitoa udongo wa tofali. Kelvin kauliza hilo shimo la nini, lizibwe. Nikamwambia ukiliziba nakuvunja mkono. Wakatazamana.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu Sanga kaja kuuona. Kazunguka mara mbili. Kasema hajawahi kuona mlima wa wanafunzi wenye akili hivi. Nilifurahi kama mjinga.

Halafu kasema kila kundi lioneshe jambo moja ambalo mlima hufanya. Kundi la kwanza volkano. La pili mvua na kivuli cha mvua. Nyie, kwa miteremko hii, maporomoko ya udongo. Wekeni udongo laini juu, wekeni nyumba, mwageni maji, watu waone.

Ningeweza kusema. Neno moja tu na angebadilisha. Sikusema.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio la kwanza. Kelvin katoboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari, ikawa mvua. Nyumba ni viberiti. Watu kawakata Zuhura kutoka kwenye ndala mbovu, kawapaka rangi, kawachora na macho. Kila nyumba wakaiweka watakapo. Moja niliiweka mimi, kwenye tuta.

Maji. Mwanzoni hakuna kitu, udongo unakunywa tu. Halafu bega likalegea. Likashuka lote kwa pamoja.

Walishangilia. Kelvin kapiga na mluzi. Siwachukii, hawajui. Lakini kwa dakika ile niliwachukia.

Tukarudia, na kila wakipanga upya mimi nikairudisha ile nyumba palepale kwenye tuta. Nilikuwa najiona nafanya hivyo, siwezi kuacha. Nikiinua macho naona kitu cha kijani pembeni ya mlango, chini chini, kimo cha mtoto. Nikigeuka hakipo.

Jumapili, 16 Machi

Sikuimba kanisani. Nilifungua mdomo tu.

Jioni Zuhura kaja nyumbani na bakuli la futari alilotumwa na mama yake: magimbi ya nazi, tambi, na uji wa pilipili manga kwenye chupa. Kamwamkia Shangazi shikamoo vizuri, kakaa kitandani kwangu. Huwa haishiwi maneno, leo kakunjakunja kwanza pindo la mtandio. Kisha, "Kile kijumba unachokirudishaga palepale, cha nani?"

Nikamwambia. Yote. Nikavuta mfuko nikamwonesha gambuti. Nilingoja ile huruma, ile ya kuinamisha kichwa. Hakuinamisha. Kalishika kwa mikono miwili, kalipima uzito, kasema, "Dogo alikuwa na mguu mnene, eti?" Nikacheka. Wallahi nimecheka, nimeanza kuapa kama wao. Kisha tukalia wote wawili mpaka adhana. Kafungulia hapohapo, kwa uji, na kamasi.

Mvua usiku. Kwap. Kimya. Kwap.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kabla sijavua sare.

Kelvin hakuwapenda watu wa ndala. Kasema wote wanaishia mtoni, hawaonekani kama watu, wanaonekana kama uchafu. Kafinyanga wengine wa udongo, kawawekea msumari ndani wawe wazito. Tukawachanganya. Mtu mmoja wa ndala na mmoja wa udongo kila nyumba. Tukamwaga.

Wa ndala wakaelea juu ya matope, wakapita, wakafika mtoni. Wote. Wa udongo hatukuwaona. Kelvin kafukua mtoni kwa kijiko, hakuna. Zuhura kasema labda wameyeyuka. Mimi nikatia mkono kwenye shimo la Babu. Lilikuwa limejaa, limesawazika, huwezi kujua palikuwa na shimo. Nikachimba kwa vidole. Wa nyumba ya kwenye tuta alikuwa humo.

Tukarudia. Humo. Tukarudia tena, nikabadilisha mvua, nikamwaga taratibu. Humo.

Zuhura kaniangalia. Kasema kwa sauti ndogo, "Anjela. Buti ni mpira."

Walichimba mtoni kwa sababu yangu, kwa sababu nilipiga kelele nimeona gambuti. Kila mtu alikimbilia mtoni. Na gambuti lilikuwa limeelea tu.

Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza Mwalimu Sanga. Kavuta kiti, kaniambia kaa. Kavua miwani. Hakunipa pole kwanza, na namshukuru. Kasema, mfano si mlima. Mfano unaweza kudanganya. "Siwezi kukuambia yupo pale. Ninachoweza kukuambia ni kwamba maji hupeleka chepesi mbali na kizito hukiacha njiani." Halafu ndiyo akasema pole.

Jioni nikampigia Baba. Nikamwambia shimo la Babu, Baba, siyo mtoni. Nikaeleza ndala na udongo. Nilijisikia kichaa. Nikadhani salio limekwisha. Kisha kasema, "Nimeshachimba, Anjela. Usinirudishe pale." Kakata.

Namchukia. Hapana. Simchukii. Ningekuwa yeye nami ningekata.

Shangazi alikuwa mlangoni, kasikia. Hakunigombeza. Kaniwekea chai, kakaa, kasema Dani ndiye mtoto pekee aliyewahi kumwambia ananuka vitunguu. Hatukuwahi kumtaja hivyo humu ndani.

Jumamosi, 22 Machi

Baba kapiga asubuhi. Hakusema samahani, hasemagi. Kasema jana alikwenda kusimama pale. Shimo halionekani. Pameota majani, kuna mtu kapanda na maboga. Kasema alikuwa akipita juu yake kila akienda kwenye kaburi la Mama. Wamekubaliana na mwenye maboga. Jirani wawili wanamsaidia. Wameanza.

Siku nzima siwezi kukaa. Nimefua vilivyo safi. Naogopa wasimpate. Naogopa wampate. Ni hofu moja, sijui niipeleke wapi.

Kama hayupo nimemchimbisha baba yangu bure, kwa mlima wa magazeti.

Jumatatu, 24 Machi

Maonesho. Turubai, viti vya plastiki, wazazi, wageni wenye kofia. Volkano ya kundi la kwanza imetoa povu kwenye viatu vya mgeni rasmi.

Zamu yetu. Kelvin alikuwa na chupa mkononi. Nilijua Zuhura kamwambia, maana toka asubuhi ananiita "sista" kwa upole unaokera. Kanisogelea, kaniuliza sikioni kama amwage. Nikamwambia mwaga, ni alama zetu. Kanitazama. Kisha kaweka chupa chini ya meza, kawageukia wageni: "Mlima wetu leo haunyeshewi. Tutawaeleza kwa mdomo." Kaeleza, kakosea nusu. Zuhura kamrekebisha mbele za watu. Tumekuwa wa mwisho. Kelvin ambaye angeuza ndugu yake apate kikombe!

Walikuwa bado wanapiga makofi ya heshima nilipomwona Shangazi getini, na koti la kazini. Hajawahi kuja shuleni. Alikuwa amesimama tu, mkoba kaukumbatia.

Wamempata. Ndani ya shimo la Babu, chini ya kitanda kizito cha mninga cha Mama. Baba hakumwambia Shangazi yuko katika hali gani, sikuuliza. Walimjua kwa mguu. Alikuwa na gambuti la kushoto.

Nilikaa chini, palepale kwenye mchanga wa uwanja. Zuhura kakaa nami. Kelvin kasimama mbele yetu ili watu wasitutazame.

Jumatano, 26 Machi

Tunasafiri kesho, mimi na Shangazi. Mazishi Ijumaa, kando ya Mama. Baba kapiga kusema nisisahau gambuti. Nikasema sisahau.

Mlima tumeurudisha karakana. Kelvin kasema hautupi, atauwekea turubai. Shimo tumelifukia, tukapasawazisha kwa mkono. Yule mtu wa udongo tumemwacha humo.

Mchana mvua imenyesha, kubwa, ya masika. Nilikaa kitandani nikasikiliza. Bati tu. Maji kwenye mfereji. Jirani akianua nguo na kutukana mawingu. Nikafungua mlango mwenyewe, nikangoja. Korido tupu. Nimelia kuliko siku zote, kwa sababu hakuja.

Ilipokatika nikatoa gambuti nikaenda nalo bombani. Nimelisugua kwa sabuni ya mche na mswaki mbovu, ndani na nje, mpaka kijani kikarudi. Matope yalikuwa yamekauka, yalichukua muda kutoka. Shangazi kauliza kwa nini naliosha na linakwenda udongoni. Nikamwambia Mama alikuwa hataki mtu aingie ndani na matope.

Sasa liko dirishani linakauka.