Gonga wakati Mama Claire anatwanga

Emery, mjukuu wangu,

Mboga yako ya sombe iko chini ya sahani. Zile pistoni mbili za motokari zilizoganda nimezimwagia petroli ya taa. Ziache ziloweke mpaka saa nane. Halafu kwangua kutu kwenye mdomo wa silinda, uzigonge kutoka chini kwa ubao. Wewe na nyundo yako ya chuma mtatumaliza.

Asubuhi ulipokwenda kuchota maji, wapiganaji wawili waliosikia nyundo yako walikuja kuuliza nani anatengeneza motokari. Jirani yetu Mama Claire akaitika kutoka kwake: “Ni miye, niko natwanga sombe. Munakula?” Wakacheka, wakaenda. Emery, kinu kilikuwa kitupu. Sombe yake ya mwisho ndiyo hiyo chini ya sahani.

Amesema atatwanga hivyohivyo mchana wote. Akitwanga, gonga. Akinyamaza, nyamaza. Wakiona motokari imepona wataichukua, na wewe pia.

Mimi naenda Saio kukaa na mke wako. Elodie na mimba ile hafiki Marabo, tunakokimbilia, kwa miguu.

~~Usije bila motokari.~~

Hapana. Pistoni zikikataa mpaka jioni, ziache, uje wewe. Elodie tutambeba mabegani kwa tipoi.

Tate wako