Wino wa Muhuri Kwenye Kalamu Yako

Baba,

Mjukuu wako sasa hivi amechukua kijiti cha mtama, akakichovya kwenye masizi ya sufuria, akajichora mstari kutoka kitovuni mpaka gotini. Nilipomuuliza anafanya nini, akasema anasaini. Nikanyanyua mkono nimchape kidogo, mkono ukagoma. Nikacheka. Halafu hasira zikanipanda upya, si kwa Rehema, ni kwa mdogo wako, nikaona bora nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu neno ambalo halitarudi mdomoni.

Shikamoo, Baba. Sijui huko shikamoo inaitikiwaje, lakini wewe ndiye uliyekuwa unaikataa barua isiyo na salamu juu, na hii nimeshaianza na masizi. Tena naiandika kwa peni, hizi za plastiki za mnadani, zinazokwaruza karatasi na kuruka maneno. Ungeniona ungegeuza uso.

Nianze na kikao. Tulipoanua matanga, wazee wa ukoo walikaa uani kugawa vitu vyako. Koti sikuligombea. Fimbo na redio, sawa, wachukue. Kisha yule mzee anayeongoza vikao akaiinua kalamu yako ya wino, ile nyeusi yenye kishikizo cha rangi ya dhahabu. Aliishika kichwa chini miguu juu, kama mtu aliyeshika kifaranga, akasema inakwenda kwa Baba mdogo Zakaria.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, Rehema mgongoni. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa naiosha. Mzee wala hakukasirika. Alicheka tu.

"Binti yangu, wewe umeshaolewa. Tukikupa wewe, na kalamu nayo imeolewa."

Wakacheka wote, Baba. Hata wale waliokuwa wanakuja kwako na karatasi imekunjwa mara nyingi, uwaandikie watoto wao walioko Arusha na Dodoma, nao walicheka. Hicho ndicho kilichonichoma. Barua zao nyingi za miaka ya mwisho niliziandika mimi. Walikuwa wanasimulia, wewe unanipangia, mimi naandika, na kule zilikofika hakuna aliyejua ni mkono wa nani, maana mwandiko wangu ni wako.

Unakumbuka nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikutoka? Nililala kifudifudi kitandani, sitaki kula. Uliniamsha ukaniweka mezani, ukanipa kalamu mkononi. Ukasema, "Shule imesema imetosha. Sisi hatujasema." Mpaka leo nikikata tamaa najirudishia maneno hayo.

Na Jumamosi zetu. Ulikuwa unarudi kutoka ghala la ushirika nguo zinanuka magunia, Mama ameshapasha maji, yasiwe ya moto, yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Unaifungua kalamu kipande kipande. Mimi nilikuwa wa nibu, ile ncha ya kuandikia. Naishikilia ndani ya kitambaa cha kanga kuukuu, naichovya, naitoa, naichovya, mpaka maji yaache kubadilika rangi. "Usiifikiche," unasema. "Ivumilie." Wageni walikuwa wanadhani tunaombea kitu.

Na Mama! Alipoanza kisomo cha watu wazima, mwalimu wao aliwagawia penseli, wewe ukakataa, ukasema jina la mke wako haliandikwi kwa kitu kinachofutika. Aliliandika taratibu, ulimi nje, na kidole kikabaki na doa la bluu. Akaenda nalo kanisani hajaliosha. Watu wakimpa mkono anauchelewesha mkono ili waone.

Sasa sikia ya siku hizi. Siku hizi ni ruksa. Ghala la ushirika uliloliandikia hesabu maisha yako yote limefungwa, anayenunua alizeti ni yeyote mwenye mizani. Baba mdogo naye ana mizani, pale Misigiri barabarani, na amejichongea muhuri. Kila mtu ana muhuri siku hizi. Wakati ule wa foleni, sabuni inagawiwa kwa kipande, wewe ulikuwa unajua pa kuupata wino. Leo maduka yamejaa mpaka mlangoni, kuna mitumba, kuna biskuti za kila rangi, wino hakuna. Niliuliza duka moja, mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na Mjerumani.

Lakini wino tunao. Pale kwenye kugawa, waligawa kalamu, wakasahau chupa yake. Hakuna aliyeuliza hiyo kalamu inakula nini. Mama akaibeba chupa chini ya kanga, akaifukia kwenye debe la kunde. Angekuja Baba mdogo kuomba, nakuapia, tungempa kwa mikono miwili. Hakuja. Aliona aibu kuomba kwa wanawake, au alidhani haina haja. Akaijaza wino wa muhuri, Baba. Ule wa zambarau, mzito, wa kwenye kile kisponji. Aliumimina ndani ya kalamu yako.

Nilijua siku nilipokwenda na Baba Rehema kupeleka alizeti. Naiona imechomekwa mfukoni mwa shati la Baba mdogo, na chini ya mfuko doa la zambarau kubwa kama kiganja. Haiandiki. Anaandikia peni, kalamu yako ni pambo la kuwaonyesha wenye magari. Nikaamkia, nikaomba nione. Nibu imeganda, ukoko mtupu. Nikamwambia hii inaoshwa, Baba mdogo, nipe hata kwa juma moja. Akaniambia wino ni wino, kalamu ilishazeeka na mwenyewe, na kwamba mnada ujao anaipeleka kwa fundi saa aichome nibu kwenye moto izibuke.

Kwenye moto! Nilihisi kama amesema Rehema ndiye anayepelekwa motoni. Nikamwambia ikiguswa na moto ndiyo basi tena, haitaandika kamwe. Nilipaza sauti, sikatai. Wapakiaji wakaacha gunia chini, wanasikiliza. Naye akaniambia, polepole, neno ambalo sijalitema mpaka leo:

"Kaka hakuwahi kunishikisha hata siku moja. Leo mtoto wake ndiye anifundishe kuishika?"

Nilirudi njia nzima natukana moyoni. Baba Rehema ananituliza, anasema ni kalamu tu, mke wangu, na huyu ndiye anayenunua alizeti yetu. Jioni nilimpakulia chakula na sikumuuliza kama ameshiba.

Lakini lile neno la Baba mdogo limenikaa kama mfupa wa samaki. Nikatafuta kwenye kumbukumbu Jumamosi hata moja aliyokuwapo, sikuiona. Alikuwa anapita, anasimama pale kwenye ua, unamsalimia, hukumwambia vuta kigoda. Mimi uliniita, Mama ulimwita, mtoto wa jirani uliwahi kumpa kifuniko akishike. Ndugu yako wa tumbo moja, hapana. Kwa nini, Baba? Kwa sababu aliacha shule? Kwa sababu alikuwa anachunga ng'ombe wako ili wewe usome? Nisamehe, na wewe nimekukasirikia kidogo, na sitaki kukuandikia barua ya uongo. Ungemwita mara moja tu, angejua. Asingeinywesha wino wa muhuri.

Hilo halimwondolei kosa. Mtu asiyejua huuliza. Na wale wazee waliompa nao hawakuuliza, waliona suruali wakaona inatosha. Nikiwafikiria naikandamiza peni, hata maandishi yenyewe unayaona yanavyokwenda.

Nilikuja hapa nyumbani kwako Ulemo kumweleza Mama. Nilidhani atalia. Alisikiliza mpaka mwisho, akachagua mchele aliokuwa anauchagua, akaumaliza, akajifunga kanga ya pili, akaenda Misigiri kwa miguu mwenyewe. Aliporudi nikamuuliza ameomba nini.

"Sikuomba. Nimemwambia, shemeji, mnada ni kesho. Leo ilete nyumbani kwa kaka yako, kama ni yako uje useme ni yako hapa."

Baba mdogo akamjibu atakuja, atakuja na yule mzee wa kikao. Kwa hiyo tunangoja. Mama anafagia uani, nami niko ndani na karatasi hii. Akija na mzee, tumeshakosa, maana mzee huja kugongomelea yaliyokwisha kusemwa, na kesho kalamu inakwenda motoni. Mama anasema tusikate tamaa. Mimi nakata na kuunga, nakata na kuunga.

Basi, Baba, nikuage kabla hawajafika. Pumzika. Huku kumebadilika, lakini hatujaharibikiwa. Mama anakula vizuri. Rehema anasaini mwili mzima. Mimi nina tumbo tena, hujaambiwa, na akiwa wa kiume au wa kike atapewa nibu aishike, sitaangalia hicho. Nakuahidi sitamtukana mdogo wako. Nitamwamkia kwanza. Na nikiipata, hata kwa kuishika tu, sitajifungia nayo kama mtu aliyeiba. Nitamvutia kigoda, Baba, kile ambacho wewe hukukivuta, nimpe kitambaa, nimwonyeshe mahali pa kushika, na kama atataka kuja kila Jumamosi aje, mkono wake utabaki na doa kama letu, na asiponisikiliza

Mama ananiita. Amesema, "Mama Rehema, toka nje, amekuja peke yake." Peke yake, Baba, hana mzee, namwona dirishani amevua kofia, mkono ameuweka juu ya mfuko wa shati na mimi sasa na